Msailini Naye Mwajiri

Kijana wa Mbangala akiitwa kwenye usaili, nyumbani anapewa ushauri mmoja tu: vaa vizuri, nyenyekea, itikia "ndiyo mkuu", usiulizeulize. Eti ukitaja mshahara una tamaa, ukitaja mkataba wewe ni mkorofi. Miezi minne baadaye anarudi na begi lake, hana hata karatasi ya kuonyesha aliajiriwa na nani, nasi wazazi na wajomba tuliomfunga mdomo tunalaumu bahati yake.

Nasema bila kupepesa macho: huo ni ushauri wa kitumwa, na tuuache.

Mbangala si mahali pageni kwa kazi. Dhahabu ya ukanda wetu wa Lupa inachimbwa tangu enzi za ukoloni. Mgodi wa New Luika wa Shanta Gold ulianza kutoa dhahabu mwaka 2012. Pembeni kuna maduara (mashimo ya kuchimbia), makarasha (mashine za kusaga mawe) na mialo (sehemu za kuoshea dhahabu) ya wachimbaji wadogo. Kazi ni za namna nyingi na ubora wake haulingani, na ndiyo sababu anayeenda kusailiwa anapaswa kwenda akiwa na maswali yake.

Kuna wanaoona huo ni ujeuri. Waisome Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na ujira pamoja na namna unavyokokotolewa. Anayeuliza hayo haombi hisani. Anadai deni ambalo sheria imeshalitambua. Mwajiri anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kukujibu: ondoka.

Na uliza mapema, kwa sababu sheria hiyohiyo ina mlango unaofungwa kwa mgeni. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini. Ukiingia ukakuta mambo siyo uliyodhani, ukafungua mdomo mwezi wa tatu, unaweza kuonyeshwa geti, na kesi yako ya kuachishwa isivyo haki ikakosa pa kusimama. Basi siku ya usaili una nguvu kuliko siku nyingi zitakazofuata. Bado wanakuhitaji, na wewe bado hujasaini.

Uliza jina litakaloandikwa kwenye mkataba. Mwenye mgodi anaweza kuwa mmoja na mwajiri wako akawa mkandarasi. Uliza kandarasi yake inaisha lini, maana na wewe unaweza kuisha nayo. Uliza michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, inapelekwa na nani. Uliza zamu: wiki ya kawaida kisheria ni saa 45, na zamu ya saa 12 bila malipo ya ziada inahitaji makubaliano ya maandishi. Uliza kuhusu vumbi, barakoa na kupimwa afya kabla ya kuanza, kwa kuwa mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mwamba hayana dawa ya kuyarudisha. Kisha, ukitoka chumbani, kaa na walio zamuni. Waulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Hao ndio watakaokupa jibu ambalo meza ya usaili haitoi.

Wa kwenye duara naye asidhani hayamhusu. Kwake usaili ni mazungumzo ya dakika kumi chini ya mti, na ndiyo hatari zaidi. Mgao ni kwa mifuko ya mawe au kwa dhahabu? Chakula anachotoa mfadhili wa duara kinakatwa kabla ya mgao au baada? Kabla mwamba haujatoa, mtu analipwa nini? Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa na kuoshwa, ni ya nani? Hilo la mwisho ndilo wengi hawaliulizi, ilhali katika marudio hayo hubaki dhahabu ambayo mwenye mtambo wa kuchenjua ataitoa baadaye, mchimbaji akiwa hayupo.

Najua mtaniambia: mwenye njaa hachagui. Maneno hayo wanayapenda sana wanaofaidika na njaa ya wenzao. Kuuliza si kukataa kazi. Unaweza kupata majibu mabaya, ukaipokea kazi hivyohivyo kwa sababu watoto wanahitaji kula. Lakini utaipokea ukijua, utapanga kuondoka mapema, na hutakopa bodaboda kwa mshahara ambao hauna tarehe. Anayeingia kipofu hapangi kitu.

Waajiri nao nina neno nao. Mnalalamika kwamba vijana wanaacha kazi baada ya wiki mbili. Mliwaambia nini siku ya usaili? Mliwaeleza joto la chini ya ardhi, usiku wa kambini, makato? Mkificha, msishangae wakikimbia.

Wazazi wa Mbangala, Saza na Mkwajuni, mwanenu akiitwa kesho, mpeni nauli na karatasi yenye maswali matano. Na wewe kijana, usitie saini kabla hujajibiwa yote.