Kariakoo: Wanaochangia kontena wanashindwaje kuchangia gari?

MZIGO wa vitambaa, vyombo vya plastiki au vifaa vya simu unapotoka Guangzhou, nchini China, huvuka bahari kwa utaratibu unaoeleweka. Wafanyabiashara kumi au ishirini, wengine hawajuani hata kwa sura, huchangia kontena moja. Kila mmoja hulipa kwa ujazo wa mzigo wake, kila katoni huandikwa marka ya mwenyewe, na wakala huutoa mzigo bandarini na kuugawa. Hakuna anayeona ajabu.

Ajabu huanza mzigo ukishafika Dar es Salaam. Kutoka ghala la wakala hadi dukani Kariakoo ni safari ya kilomita chache tu, lakini hapo ndipo waliosafiri pamoja hutawanyika. Huyu hukodi Kirikuu, yule hutafuta guta, wa tatu hupakia katoni sita kwenye bajaji. Mizigo ambayo ingeenea kwenye Canter mbili huingia mtaa mmoja kwa magari kumi, asubuhi ile ile ambayo wateja nao wanaingia. Ushirika uliodumu kuvuka Bahari ya Hindi hufa katika mita mia mbili za mwisho, mahali ambapo unahitajika kuliko pote.

Hali hiyo haitokani na ukosefu wa akili ya biashara. Inatokana na mazoea, na kwa kiasi fulani inatokana na hofu ambazo zina msingi. Hata hivyo, gharama yake imekuwa kubwa kiasi kwamba wenye maduka hawana budi kuitazama upya.

Ghorofa zimepanda, barabara ni ile ile

Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa ajili ya nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye baraza mbele na ua nyuma. Barabara zake zilitosha wakazi wa nyumba hizo, mkokoteni na gari la hapa na pale. Leo kiwanja hicho hicho kimebeba ghorofa lenye fremu nyingi chini na stoo juu. Bidhaa zinazopita mlango mmoja zimeongezeka mara nyingi, lakini upana wa barabara haujaongezeka hata hatua moja. Hautaongezeka pia, kwa sababu hakuna mwenye jengo atakayekubali kukatwa ukuta wake.

Tatizo hilo lilionekana zamani. Jengo la Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975, kazi ya msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, liliwekewa sehemu ya chini ya ardhi ambayo watu huiita shimoni, kwa ajili ya biashara ya jumla. Maana yake ni kwamba shughuli za mizigo mikubwa zitengwe na njia ya mnunuzi. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Aggrey, Mkunguni na Livingstone ilikua bila kufuata fikra hiyo. Huko mlango wa mteja ndio mlango wa mzigo.

Mwaka 2021 wafanyabiashara wadogo waliondolewa kandokando ya barabara ili njia zipitike. Ni vyema ikaeleweka kwamba kumwondoa mwenye meza bila kumpangia mwenye gari ni nusu ya kazi. Mtaa unaopakiwa na kupakuliwa kutwa nzima hauna nafasi hata kama hauna meza.

Gharama isiyoandikwa kwenye daftari

Ukimwuliza mwenye duka gharama ya kuingiza mzigo, atataja kodi ya gari na malipo ya wapagazi. Hizo ndizo anazoziona. Hataji saa mbili ambazo gari limekwama na dereva amedai nyongeza. Hataji kijana wa dukani aliyeacha wateja akaenda kulinda katoni njiani, katoni iliyolowa kwa mvua ikisubiri mpagazi, wala mnunuzi aliyeona msongamano akanunua duka la kwanza aliloweza kulifikia.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa jengo lenye fremu 40. Kila fremu ikileta mzigo wake mara mbili kwa wiki kwa gari lake, hizo ni safari 80. Kila gari likisimama mbele ya jengo dakika 45, jumla ni saa 60 za kuziba njia kila wiki. Sasa mizigo hiyo ikusanywe mahali pamoja nje ya eneo la msongamano, na kila Canter ibebe ya fremu nane. Safari zinabaki 10. Hata kila moja ikichukua saa nzima na nusu kupakua, jumla ni saa 15. Jengo limerudishiwa saa 45 za mlango wake kwa wiki, na bidhaa dukani hazijapungua hata moja.

Mnunuzi anayetoka Zambia, Malawi au Kongo huja na siku zake zilizohesabiwa. Anataka kuzunguka maduka kumi, afunge mzigo wake na aupeleke ofisi za usafirishaji kabla gari halijajaa. Kila saa anayopoteza njiani ni hasara kwake, na akishindwa kumaliza, duka la kumi halimwoni. Soko linaweza kuwa na bei nzuri na bado likakimbiwa kwa sababu ni gumu kuingia na gumu zaidi kutoka.

Kuna gharama nyingine ambayo haipimwi kwa shilingi. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu wakafa, huku kazi ya uokoaji ikiendelea kwa siku kadhaa. Julai 2021 jengo la soko kuu liliungua. Siku kama hizo kila mita ya barabara iliyo wazi ina thamani ya uhai. Mtaa uliozibwa na magari ya mizigo hauwezi kufunguliwa kwa amri ya dakika moja.

Heathrow walilazimishwa, Bristol waliombwa

Wengine duniani wamekwisha jaribu kukusanya mizigo ya maduka, na matokeo yao yana mafunzo pande zote mbili.

Kwenye uwanja wa ndege wa Heathrow, Uingereza, bidhaa za maduka hupelekwa kwanza kwenye ghala la pamoja, hukaguliwa, kisha hupelekwa madukani kwa magari yaliyojaa na kwa saa zilizopangwa. Mpango huo umedumu kwa sababu mwenye uwanja ni mmoja. Anayepanga duka pale hukubali masharti au hutafuta duka kwingine.

Mji wa Bristol, nao wa Uingereza, ulianza mpango wake mwaka 2004 kwa maduka ya eneo la Broadmead. Kwa maduka yaliyojiunga, safari za magari zilipungua kwa takribani robo tatu. Lakini kujiunga kulikuwa hiari, na mpango ulitegemea fedha za umma kwa muda mrefu. Miji mingine ya Ulaya ilianzisha maghala kama hayo na kuyafunga ruzuku ilipokwisha.

Sababu ya kufunga ni rahisi. Katika nchi hizo mwenye duka mara nyingi hununua bidhaa kwa bei ambayo tayari ina usafiri wa kufikishiwa mlangoni. Akiambiwa alipie pia ghala la pamoja, anaona analipa mara mbili. Faida inakwenda kwa msafirishaji, ambaye hahitaji tena kuingia mjini, na gharama inabaki kwa mwenye duka.

Kariakoo ni kinyume chake, na hapo ndipo penye matumaini. Mwenye duka ndiye anayekodi gari kwa fedha zake mwenyewe, na kila shilingi inayookolewa inarudi kwenye mfuko wake siku hiyo hiyo. Kilichohitaji ruzuku Bristol kinaweza kujilipia Kariakoo, mradi ada ya kukusanya na kufikisha iwe chini ya kodi ya Kirikuu pamoja na malipo ya kusubiri.

Hofu zenye msingi

Wapo watakaosema mfanyabiashara wa Kariakoo hawezi kukubali mzigo wake ukae pamoja na wa jirani, kwa kuwa siri ya biashara ni mzigo. Hoja hii ina uzito mdogo. Jirani huyo huyo alikwisha kaa naye kontena moja. Katoni iliyofungwa yenye marka haisemi kilichomo, na ikisha fika dukani bidhaa hutundikwa mlangoni kila mtu aione.

Hofu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya kodi. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, mojawapo ya malalamiko yao lilikuwa suala la usajili wa stoo, pamoja na kamatakamata ya maofisa wa kodi. Ghala la pamoja lenye daftari la mizigo ya maduka mia litaonekana kwa wengi kuwa mtego. Serikali ikitaka utaratibu huu uanze, haina budi itamke wazi kwamba ghala la kugawia mizigo ni kituo cha kupitia tu, na kwamba mzigo uliokwisha lipiwa ushuru bandarini hautavamiwa tena hapo. Bila kauli hiyo, hakuna mwenye busara atakayepeleka katoni ya kwanza.

Hofu ya tatu ni upotevu. Leo mwenye mzigo hutembea nyuma ya mkokoteni hadi dukani, na ikipotea katoni anajua wa kumshika. Kwenye utaratibu wa pamoja ni lazima ijulikane nani analipa, kwa kiasi gani na ndani ya siku ngapi. Stakabadhi ya kupokea, stakabadhi ya kukabidhi na bima ya mzigo ndiyo misingi yenyewe. Mpango utakaoanza na magari mapya kabla ya kujibu swali la katoni iliyopotea utakufa ndani ya mwezi mmoja.

Halafu kuna wapagazi na wasukuma mikokoteni. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo mji huo unabebwa kwa mabega. Mpango wowote utakaowafukuza watu hawa utakuwa umekosa haki na umekosa akili. Canter haiwezi kupanda ngazi hadi stoo ya ghorofa ya nne. Mkokoteni na guta huchukua nafasi ndogo na hujua kila uchochoro. Watu hao wapewe kazi ya kufikisha mzigo kutoka mahali Canter inapoishia, walipwe kwa katoni, wavae vizibao vyenye namba na wawe na kiongozi anayewajibika. Badala ya kugombania mzigo njiani watakuwa na kazi ya uhakika.

Pa kuanzia

Makosa makubwa yatakuwa kuanza na Kariakoo nzima kwa amri. Kariakoo si Heathrow. Haina mwenye nyumba mmoja. Lakini ina majengo ambayo kila moja lina mwenye nyumba wake na fremu kwa makumi. Kila jengo la namna hiyo ni Heathrow ndogo. Mwenye jengo anayetoza kodi kubwa kwa fremu ana maslahi ya kuona mlango wake unapitika. Aanze yeye, kwa kukubaliana na wapangaji wake juu ya wakala mmoja wa kufikisha mizigo, saa za kupokea na ada. Mtaa jirani ukiona faida utafuata bila kusukumwa.

Mawakala wa makontena ya pamoja wako mahali pazuri kuliko wote. Mzigo uko mikononi mwao tayari, marka wanazijua, na wenye mali wanawaamini. Wakiongeza huduma ya kufikisha hadi mlangoni, kwa mtaa na kwa siku, watakuwa wameuza bidhaa mpya bila kujenga ghala jipya. Gari lililoshusha linaweza kurudi na mzigo wa wateja wa mikoani hadi ofisi za usafirishaji, na hivyo lisitoke tupu.

Halmashauri ya Jiji isijitwike kuendesha magari. Kazi yake ni kutenga sehemu chache za kushushia pembezoni mwa eneo, kuweka saa, na kusimamia saa hizo bila upendeleo wala kitu kidogo. Gari la mizigo ya pamoja lipewe nafasi ya kwanza kusimama. Gari la katoni sita lisubiri. Hilo pekee litashawishi kuliko semina kumi.

Wazo la Kariakoo kufanya kazi saa 24 linaweza kusaidia, kwa kuwa kushusha usiku huacha mchana kwa wateja. Lakini usiku nao una gharama za mlinzi, taa na mpokeaji. Mwenye duka mmoja hawezi kumlipa mpokeaji wa usiku kwa ajili ya katoni kumi. Maduka arobaini yanaweza. Kwa hiyo hata biashara ya usiku itawashinda wengi wasipochangiana.

Wafanyabiashara wa Kariakoo hawahitaji kufundishwa kuchangia. Wanafanya hivyo Guangzhou kila siku, na watu wasiowajua. Kinachotakiwa ni kufanya hivyo pia na jirani wa fremu inayofuata, ambaye gari lake la mzigo ndilo limeziba mlango wao asubuhi hii.