UDONGO WA WATU WOTE HAUUZWI

Ndugu wa migodi na wa muji! Hapa Base ya Kamina tuambiane wazi. Sheria ya 20 Julai 1973, kifungu cha 53, inasema udongo wote ni mali ya Serikali, hauuzwi kamwe. Sisi tunapewa haki ya kuutumia tu. Kifungu cha 55 kinaongeza: mahali palipowekwa kwa kazi ya watu wote hapapewi mtu mpaka paondolewe kwanza kazi hiyo kwa njia ya sheria.

Basi mukiona mukubwa anakata lupango katika uwanja wa watoto, anauza kisicho chake. Kabla ya kutoa feza, mumuulize: barua ya kupaondoa iko wapi? Hana? Musilipe! Tukinunua kwa siri, tunawaibia watoto wetu wenyewe.