Anga moja, sauti mbili: funzo la Somalia kwa kiwanja cha Goma

Tarehe 24 Februari 2024, juu ya Somalia, ndege mbili za abiria ziliponea chupuchupu. Ya Qatar Airways ilitoka Doha kwenda Entebbe; ya Ethiopian Airlines ilitoka Addis Ababa kwenda Dubai. Njia hizo si ngeni kwa wafanyabiashara wa Butembo na Beni, ambao huvuka Kasindi na kupandia ndege Entebbe ili kufuata mali ng'ambo.

Kwa maelezo ya mamlaka ya anga ya Somalia, ndege ya Qatar ilikuwa kwenye futi 38,000, ikaambiwa ipande hadi 40,000. Katikati, kwenye futi 39,000, ilikuwepo ile ya Ethiopia. Chombo cha kuonya kugongana, kilichomo ndani ya ndege, ndicho kilichowashtua marubani.

Sheria ya anga ni nyepesi kuelewa. Kila ndege hupewa kimo chake, na kati ya ndege na ndege hubaki futi 1,000, karibu mita 300. Marubani kupita kimo walichopewa wakati wa kupanda ni kosa linalotokea duniani kote: namba imesikiwa vibaya, au kipimo cha kimo hakikurekebishwa. Kwa hiyo rubani hurudilia namba kwa sauti, mwenzake anaihakikisha, na muongozaji aliye chini anasikiliza. Kosa la mmoja hukamatwa na mwingine.

Lakini huko Somalia aliye chini hakuwa mmoja. Baada ya Somaliland kutia saini makubaliano na Ethiopia tarehe 1 Januari 2024, ugomvi wa Mogadishu na Hargeisa ulipanda hadi angani. Marubani walisikia maagizo yanayopingana kwenye redio. Mogadishu iliilaumu Hargeisa kwa tukio la Februari, Hargeisa ikakana.

Hapo ndipo jambo hili linapomgusa mkaaji wa Kayna. Mji huo wa kusini mwa Lubero uliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Juni 2024. Goma ilifuata Januari 2025, na kiwanja chake cha ndege kikafungwa. Barabara ya RN2 ikiwa imekatwa na vita, dawa na chakula cha msaada havina tena kiwanja kikubwa cha kutulia upande wa kusini.

Tarehe 30 Oktoba 2025, huko Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba kiwanja cha Goma kitafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ilipinga, ikisema haikuulizwa. Mjadala ukageuka kuwa wa siasa: nani atapata sifa, nani atatambuliwa.

Swali la usalama likasahauliwa: rubani atamtii nani? Mkataba wa Chicago wa 1944 unaipa kila nchi mamlaka juu ya anga lake, na Kinshasa iliyatumia Februari 2025 ilipozikataza ndege zilizoandikishwa Rwanda. Lakini lami ya Goma iko chini ya M23. Kibali kitoke upande mmoja na sauti ya redio upande mwingine, ndipo yale ya Somalia yanaweza kujirudia, tena juu ya mji uliobanwa kati ya ziwa na volkano.

Somalia hiyohiyo inaonyesha pia njia ya kutoka. Serikali ilipoanguka, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ICAO, liliongoza anga lake kutoka Nairobi kwa takriban miaka 20. Hakuna upande uliopoteza haki yake kwa sababu hiyo, na ndege zilipita.

Wanaojadiliana juu ya Goma wangeanzia hapo: sauti moja kwenye redio, iliyokubaliwa na pande zote kabla ya ndege ya kwanza kutua. Mgonjwa anayengoja dawa Kayna hatauliza ni nani aliyetia saini kibali. Anachohitaji ni ndege ifike.