"Mke Wangu Hafanyi Kazi"

Tunapozungumza na marafiki juu ya familia zetu, mara nyingi husikika jibu hili: "Mke wangu hafanyi kazi, yupo nyumbani tu." Hutamkwa bila nia mbaya, lakini ndani yake mna dhuluma.

Mama huyo huamka alfajiri, akateka maji, akapika, akalima, akauguza wagonjwa na kulea watoto. Jioni, wengine wanapopumzika, yeye bado yuko jikoni. Akiugua siku tatu tu, nyumba nzima hutaharuki. Je, hiyo si kazi?

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huipa mahakama uwezo wa kugawa, ndoa inapovunjika, mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni sehemu ya juhudi hizo.

Lakini kwa nini haki ingojee ndoa ivunjike? Nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa baba imejengwa pia kwa jasho la mama. Basi ashirikishwe katika kuamua juu ya shamba, mavuno na fedha. Jina lake liandikwe katika hati. Na watoto wa kiume nao wafundishwe kushika ufagio. Viongozi wa walei tuwe wa kwanza. Na tukiulizwa tena, tuseme kweli: "Mke wangu anafanya kazi, tena nyingi."