KIBARUA NA BARUA YAKE



Wazee wa mashamba ya chai wanaikumbuka kadi ya siku 30. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na kadi ilipojaa mtu alilipwa. Aliyeipoteza alipoteza na jasho lake. Neno lenyewe kibarua latokana na barua, yaani kile kikaratasi cha kazi. Basi hapakuwa na mchuma chai wa kukitupa.

Leo wajukuu wa wazee hao wana shahada, na vikaratasi vyao hawavijali.

Chuo Kikuu cha Kabianga kilipata hati yake tarehe 1 Machi 2013, na tangu hapo vijana wetu wengi wanatamani kazi ya uhadhiri, huko na katika vyuo vingine. Wamo pia wanachama wenyewe, makarani na watu wa maabara waliosoma jioni baada ya kazi. Ni haki yao. Mashine za kuchuma chai zimezidi, na Mei 2023 watu wenye hasira walizichoma moto hapa Kericho. Kila nyumba yajua kazi ya mikono yapungua. Mzazi aliuza ng'ombe apate karo, na hatupendi ng'ombe huyo apotee kwa sababu ya barua iliyoandikwa ovyo.

Tunaona barua moja ikipelekwa vyuo sita, imebadilishwa jina la chuo tu, na mara nyingine hata jina halikubadilishwa! Wanaochagua hukaa na tangazo mkononi na kulinganisha: nambari ya nafasi, shahada, miaka ya kufundisha, maandishi. Kisichoonekana katika karatasi kwao hakipo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vipimo vyake mwaka 2014. Mhadhiri hutakiwa shahada ya uzamivu, na kwa vyeo vya juu makala huhesabiwa kwa pointi. Mwenye uzamili aombe nafasi ya chini, ile ya mwalimu anayeendelea na masomo. Hakuna aibu.

Sasa turudi kwenye kikaratasi. Wengi wamefundisha kwa saa, muhula hata muhula. Ukiwauliza, barua ya kukuita kazini iko wapi? Jibu: "Nilipigiwa simu." Huyo amefanya kibarua bila kadi. Hataweza kuonyesha miaka yake mbele ya wanaochagua, wala kudai malipo yakichelewa. Ndugu, usiingie darasani kabla ya kupewa barua. Ukiisha kupewa, ihifadhi pamoja na ratiba na orodha ya masomo uliyofundisha.

Kuna jambo la fedha pia. Vijana hukopa wapate hati ya mwenendo mwema, ya kodi, ya mkopo wa masomo, kwa kazi ambayo hawajaitwa hata kuulizwa maswali. Sheria ya Ajira, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, yamkataza mwajiri kudai hati hizo kwa mtu ambaye hana nia ya kumwandikia mkataba. Tangazo likizidai mapema, peleka maombi yako usikose siku ya mwisho, kisha lete tangazo hilo chamani. Na anayekwambia nafasi yauzwa, usimpe hata senti. Matangazo mengi yasema wazi kwamba mwenye kutafuta upendeleo ataondolewa.

Siku ya mahojiano hutushinda kwa sababu nyingine. Tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na kungoja mpaka tuulizwe. Ni adabu njema nyumbani. Lakini pale umeulizwa! Ukiulizwa utafiti wako wafaa nini, kuinama na kusema "ni kidogo tu" si unyenyekevu, ni kujinyima. Ueleze kwa dakika tano, kwa maneno ambayo hata mjumbe asiye wa somo lako atayashika. Soma kabla ni masomo gani idara hiyo hufundisha, useme lipi utalichukua kesho yake. Wengine hutakiwa kufundisha kidogo mbele ya wajumbe. Basi fundisha nyumbani kwanza, kwa sauti, mbele ya mama yako aliyetoka kupima chai. Akisinzia, anza tena.

Aliye na barua tayari ailete afisini kabla ya kuipeleka, pamoja na tangazo lenyewe, tuyasome yote mawili pamoja.

Mhariri