Nyimbo za Kuchekesha: Mzazi Asikie Kabla ya Mtoto



Ndugu Waislamu, hapa Mwadui, kama ilivyo Maganzo, Kishapu, Kahama na katika machimbo yote ya Geita, hapana mtoto asiyesikia nyimbo. Huzisikia kwenye bodaboda inayompita njiani, katika duka alikotumwa chumvi, harusini, na katika simu ya kaka yake ambayo vijana wa mjini wameijaza nyimbo kwa malipo madogo. Na katika hizo zote, zinazomshika mtoto upesi zaidi ni nyimbo za kuchekesha: zenye lafudhi ya kuigiza, zenye mafumbo, zenye kumcheka mtu fulani. Mtoto hazihitaji kuzisoma. Anazisikia mara mbili, na mara ya tatu anaziimba.

Swali tunaloliweka leo mbele ya jamaa wa misikiti yetu ni hili: ni nani anayezipima nyimbo hizo kabla hazijafika kwa mtoto?

Wapo miongoni mwetu watakaosema swali hili halina haja, kwa kuwa muziki wote ni haramu na mjadala umekwisha. Suala la ala lina kauli za wanazuoni, na hatukusudii kulifungua katika makala haya. Tunachosema ni kwamba anayeharamisha ala zote na asiyeziharamisha wote wana watoto, na watoto wa wote wawili wanapita mbele ya duka lilelile. Hukumu ya baba haizibi masikio ya mwanawe. Iwapo mtoto amekwisha kusikia, bado pana kazi ya kumweleza alichokisikia, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na mzazi asiyejua wimbo wenyewe unasema nini.

MZAHA HAUKATAZWI, UNA MIPAKA

Tuanze kwa kuondoa dhana kwamba dini yetu inachukia kicheko. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mtoto mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kindege hicho kwa maneno yenye vina, jina la mtoto na jina la ndege vikipatana kwa sauti. Tuizingatie habari hii. Mbora wa viumbe alimtafutia mtoto maneno yanayolingana ili amfurahishe. Aidha, Abu Daud na Tirmidhi wamepokea habari ya mtu aliyeomba mnyama wa kupanda, akaahidiwa mtoto wa ngamia. Alipostaajabu atafanyia nini mtoto wa ngamia, akakumbushwa kwamba kila ngamia amezaliwa na ngamia.

Mizaha hiyo miwili haina uongo, haina tusi, wala haimvunjii mtu heshima. Huo ndio mpaka. Wapokezi haohao wawili wamepokea onyo kali kwa mtu anayesimulia uongo ili watu wacheke. Nayo aya ya 11 ya Suratul Hujuraat inawakataza waumini, wanaume na wanawake, kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Kwa hiyo mzazi wa Kiislamu haulizi tu kama wimbo unachekesha. Anauliza unachekesha kwa kitu gani.

MARUFUKU YA SERIKALI HUFIKA WATOTO WAMEKWISHA KUIMBA

Wazazi wengi hujipa moyo kwamba nchi ina vyombo vyake, na kwamba wimbo mbaya utafungiwa. Ni kweli, Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) lipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1984, na limekuwa likifungia nyimbo. Lakini tutazame jambo lililotokea jirani na sisi.

Mwezi Novemba 2018, BASATA ilifungia wimbo uitwao "Mwanza" wa Rayvanny akimshirikisha Diamond Platnumz. Mzaha wa wimbo ule umejengwa juu ya jina la Nyegezi. Sisi wa Shinyanga tunaijua Nyegezi. Ni kata ya Jiji la Mwanza, na ndipo ilipo stendi ya mabasi inayompokea abiria anayetoka huku kwetu. Jina hilo la mahali lilichezewa ulimini mpaka likatoa neno jingine ambalo hatuwezi kuliandika katika jarida linalosomwa msikitini. Mwezi Desemba mwaka huohuo wasanii hao waliuimba wimbo huo jukwaani jijini Mwanza, wakazuiwa kufanya maonyesho, kisha wakaomba radhi na kufunguliwa Januari 2019.

Tujiulize: katika muda wote huo, watoto walikuwa wapi? Walikuwa wanaimba. Wimbo ulikwisha kuingia katika simu, na simu haifungiwi kwa barua. Wala hilo halikuwa la kwanza. Mwaka 2016 Serikali iliufungia wimbo "Chura" wa Snura, wakati tayari ulikuwa umesambaa. Jirani zetu Kenya nao, mwaka 2019, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilitangaza kwamba nyimbo "Wamlambez" na "Tetema" ni za kumbi za starehe za watu wazima tu. Lakini "Wamlambez" una mwito na kiitikio chake, mmoja anaita na wengine wanajibu, na mchezo wa namna hiyo ndio watoto wanaoupenda kuliko yote. Mtoto hakuhitaji kuingia ukumbini ili aujue.

Hatulaumu vyombo hivyo kwa kufanya kazi yao. Tunachosema ni kwamba marufuku humkuta mtoto amekwisha kusikia. Anayeweza kutangulia ni mzazi peke yake.

"WATOTO HAWAELEWI"

Hapa pana hoja inayotolewa na wazazi wengi, tena wengine ni wa safu ya kwanza msikitini: kwamba mtoto haelewi fumbo, anafurahia mdundo tu, basi hapana madhara.

Hoja hii haisimami. Mtoto huyohuyo tunampeleka madrasa akiwa na miaka sita, anahifadhi Juzuu Amma kwa Kiarabu asichokielewa, nasi tunamshukuru Allah na kumpongeza mwalimu. Kwa nini tunamhifadhisha? Kwa sababu tunajua kwamba kinachoingia utotoni hukaa, na maana itakuja kukifuata baadaye. Iwapo tunaamini hivyo kuhusu Suratul Fatiha, hatuna njia ya kukataa kuhusu wimbo wa fumbo chafu. Siku maana itakapomfikia, atagundua pia kwamba mama yake alikuwa akimpigia makofi alipokuwa akiuimba.

Na hili la makofi tuliseme wazi. Katika harusi zetu wenyewe, harusi zilizofungwa na masheikh wetu, watoto wadogo husukumwa katikati ya uwanja wacheze wimbo wa mafumbo ya watu wazima, na wakubwa huwarekodi kwa simu huku wakicheka. Katika hilo hapana msanii wa kulaumiwa. Ni sisi.

NANI ANAYECHEKWA?

Wengi wetu tunapopima nyimbo huangalia matusi peke yake. Wimbo usio na tusi tunauona salama. Hilo ni kosa, na kwa mkoa wetu wa Shinyanga ni kosa lenye gharama kubwa.

Zamani utani ulikuwa na taratibu zake. Kabila lilikuwa na watani wake, babu alikuwa na mjukuu wake, na kila mtu alijua ni nani anayeweza kumtania na kwa kiasi gani. Zaidi ya hayo, mtani aliyekucheka harusini ndiye huyohuyo aliyekuwa na kazi ya kufanya siku ya msiba wako. Katika ngoma za Wasukuma baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hukejeliana kwa nyimbo, na anayekejeliwa yupo uwanjani, ana sauti ya kujibu. Uganga unaoambatana na mashindano hayo hatuukubali, lakini tuone busara ya mpango wenyewe: kejeli ilikuwa na mwenyewe, na ilikuwa na jibu. Wimbo ulio ndani ya simu hauna mtani. Anayechekwa hayupo, wala hana pa kujibia.

Yapo makundi matatu ya watu ambao mtoto wa huku kwetu hatakiwi kufundishwa kuwacheka.

Kwanza, ni watu wenye ualbino. Mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa kiume mwenye ualbino. Shule ya Buhangija, hapahapa Shinyanga, ilipokea watoto wengi waliokimbizwa kutoka majumbani mwao ili wasiuawe. Mauaji hayo yalitanguliwa na maneno. Mtu aliitwa kwa majina ya kumtoa katika ubinadamu, watu wakacheka, kisha akaja aliyemwona kuwa ni mali. Wimbo wowote unaomfanyia mzaha mtu kwa rangi ya ngozi yake, hata uwe mtamu namna gani, haufai kuimbwa katika nyumba ya Muislamu.

Pili, ni vikongwe. Katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi ushahidi uliotajwa ni macho mekundu, ambayo wengi wao waliyapata kwa moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu zao kwa miaka mingi. Katika mkoa mwingine bibi mchawi wa kwenye kichekesho anaweza kuwa hadithi tu. Huku kwetu ni tuhuma.

Tatu, ni wazee wetu kwa lugha yao. Imekuwa mtindo katika vichekesho vya nchi yetu kumwigiza Msukuma kuwa ni mshamba kwa sababu ya matamshi yake. Mtoto akicheka hayo kila siku, ataona haya bibi yake akimwita mbele ya wenzake. Hatusemi kwamba kila uigizaji wa lafudhi ni dharau. Marehemu Mr. Ebbo, aliyefariki Desemba 2011, alijulikana nchi nzima kwa wimbo "Mi Mmasai", akiimba kwa Kiswahili chenye matamshi ya Kimasai. Lakini yeye mwenyewe alikuwa Mmasai, na wimbo ulijaa fahari ya asili yake. Anayejitania mwenyewe kwa heshima hayuko sawa na anayemdhalilisha mwingine. Mtoto anaweza kuelezwa tofauti hiyo akaielewa, ila awepo wa kumweleza.

MIZANI YA NYUMBANI

Wakazi wa Mwadui hatuhitaji kufundishwa maana ya kuchekecha. Tangu Dkt. John Williamson alipogundua mgodi huu mwaka 1940, kazi ya hapa ni kusaga na kuosha tani nyingi za mwamba ili zipatikane karati chache. Hakuna anayebeba mwamba wote kwa kuwa ndani yake mna almasi, wala hakuna anayeutupa wote bila kuuchekecha. Basi kwa nini yale yanayoingia katika vichwa vya watoto wetu tuyaache bila chekeche?

Tunapendekeza kwa wazazi na walezi mambo yafuatayo.

La kwanza, mzazi asikilize wimbo mpaka mwisho kabla ya kuruhusu au kukataza. Anayekataza asichokijua, mtoto humgundua upesi, na baada ya hapo hamwamini tena hata katika yale anayoyajua.

La pili, ajiulize: mtoto akiniuliza hapa kinachochekesha ni nini, nitamjibu? Mzaha ambao mzazi anaona haya kumweleza mwanawe, haumfai mwanawe. Kipimo hiki hakihitaji elimu kubwa, na mama aliye peke yake nyumbani, mumewe akiwa machimboni Geita kwa miezi, anaweza kukitumia.

La tatu, amtaje anayechekwa, kisha afikirie mtu huyo ameketi pale sebuleni. Kama wimbo ungezimwa kwa haya, basi uzimwe hata asipokuwepo.

La nne, anapokataza, atoe sababu, na atoe badala. Mtoto aliyenyang'anywa kicheko bila kupewa kingine atakwenda kukitafuta kwa jirani. Vitendawili, hadithi za sungura na fisi, mashairi ya vina ya watoto, michezo ya maneno, vyote hivyo ni vyetu, na havina gharama.

Na kwa misikiti yetu, tunaomba familia zinazooza zikubaliane mapema na washereheshaji kuhusu kitakachopigwa watoto wakiwepo. Walimu wa madrasa nao wasiishie kukemea. Wawaulize watoto wanaimba nini siku hizi, kisha wawajulishe wazazi. Wafanyabiashara Waislamu wenye maduka na spika barabarani wakumbuke kwamba wateja wao wa saa nane mchana ni watoto wanaotoka shule.

Aya ya 6 ya Suratut Tahriim inatuamrisha kujiokoa nafsi zetu na watu wa nyumba zetu. Amri hiyo haikuelekezwa kwa baraza la sanaa wala kwa mwenye redio. Imeelekezwa kwetu, na tutaulizwa sisi.

Tunamuomba Allah (s.w.) atupe subira ya kusikiliza, hekima ya kuchagua, na watoto ambao kicheko chao hakimuumizi mja yeyote. Amin.