Kipunji Alipokuwa Hadithi

Picha ilitufikia kwa WhatsApp jioni ya siku ya kufunga kurasa. Mti mmoja, ukungu, na ndani ya ukungu kitu cheusi chenye mabega. Aliyeituma aliandika maneno matatu tu: "Huyu si nyani." Kufumba na kufumbua, chumba cha habari kikagawanyika. Mmoja akataka picha iwe jalada. Mwingine akasema ni kisiki, na kama si kisiki basi ni mtu aliyevaa koti la mvua. Wa kwanza akajibu kwa methali isiyohitaji kufafanuliwa: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Picha hatukuichapa. Ila methali ile haikuniacha, na toleo hili lote ni jaribio la kuijibu. Ninaiheshimu, lakini kuna jambo inalinyamazia: likishasemwa, nani aende kulitazama? Na tulingoje kwa muda gani kabla hatujasema halipo wala haliji?

Sisi Watanzania tuna sababu ya kutoliharakisha jibu. Mwaka 2003 watafiti wa shirika la uhifadhi la WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, walikuwa wakipita vijiji vya kandokando ya Mlima Rungwe wakiwauliza wawindaji wa Kinyakyusa juu ya wanyama wanaowafahamu. Katika orodha likajitokeza jina la ziada, kipunji, kima mwenye haya ambaye hakuwemo katika kitabu chochote. Tatizo ni kwamba msitu wa masimulizi una wakazi wa aina mbili, wanaoacha kinyesi na wasioacha. Wanyama na mizimu hutajwa kwa sauti ileile, na mgeni hawezi kujua msimulizi amevuka lini kutoka kwa hawa kwenda kwa wale.

Palikuwa na njia mbili rahisi za kukosea. Ya kwanza ni kukimbilia gazetini na habari ya kiumbe wa ajabu. Ya pili ni kulifuta jina na kuandika pembeni, "imani za wenyeji." Watafiti hawakufuata hata moja. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wakainama, katika msitu wa baridi wenye miteremko mikali, ambako kwa miezi kadhaa walichoambulia ni tawi linalotikisika na mgongo unaotoweka. Mwishoni mwa mwaka ndipo walipomwona vizuri. Julai 2004, kilomita zipatazo 350 kutoka hapo, mtafiti Trevor Jones akamwona kima huyohuyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye Milima ya Udzungwa. Kundi moja lilikuwa halijui kazi ya jingine. Mei 2005 walimtangaza pamoja katika jarida la Science, na miongoni mwa waandishi wa makala hayo walikuwamo Noah Mpunga na Sophy Machaga.

Na ni mnyama wa kutazamwa. Manyoya yake ni ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, uso mweusi, sharafa ndefu mashavuni, na nywele za utosini zimesimama wima kama za mtu aliyeamshwa usingizini kwa kelele. Akilia, hutoa sauti nzito iliyo baina ya honi na mbweko. Mnyama wa namna hiyo alikuwa akiishi jirani na mashamba ya watu, na sayansi haikuwa na habari naye.

Wapenzi wa maajabu huishia hapo: mmeona, wawindaji walisema kweli! Mimi naona kisa ndipo kinapoanza. Kipunji alitangazwa kwa picha bila mwili wowote, na baadhi ya wataalamu wakalalamika kwamba spishi mpya haiwezi kusimama juu ya picha. Walionekana wagumu, lakini muda uliwapa haki kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Kwa kutazama picha, watafiti walikuwa wamemweka kipunji katika jamii ya mangabei. Kisha dume moja changa likanasa na kufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na Rungwe. Mwili ulipochunguzwa pamoja na vinasaba, ikaonekana kwamba ndugu zake wa karibu ni nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika baada ya miaka 83. Picha ilisema kweli kwamba yupo, ikakosea kuhusu ni nani. Bila wale wagumu tungeridhika na nusu ya ukweli.

Baadaye wakahesabiwa: kipunji 1,117 katika makundi 38. Jina likazaa picha, picha ikafuatwa na mwili, mwili ukatoa vinasaba, hatimaye ikaja sensa. Hiki ndicho kipimo ninachopendekeza kwa msomaji wa toleo hili. Kitu kilichopo, ushahidi wake hunenepa kadiri kinavyotafutwa. Kisichokuwapo, kinachonenepa ni hadithi.

Kiweke kipimo hicho juu ya agogwe, kiumbe mwingine wa masimulizi. Desemba 1937 Kapteni William Hichens, aliyekuwa ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika katika jarida la Discovery kwamba akiwa mawindoni, katika misitu ya upande wa mbuga ya Wembere, aliwaona viumbe wawili wadogo wenye manyoya, wenye kimo cha kama mita 1.2, wakipita uwazi wa msitu kwa miguu miwili. Mwaka uliofuata msomaji mmoja akamuunga mkono: naye alikuwa amewaona wa namna hiyo, akiwa melini, pwani ya Msumbiji. Tangu hapo agogwe ametajwa katika vitabu vingi vya maajabu, kila kimoja kikinukuu kilichotangulia. Unywele mmoja haujapatikana. Miaka karibu 90, na ushahidi ni uleule wa siku moja ya kapteni.

Kiweke pia juu ya Bigfoot, jitu lenye manyoya la masimulizi ya Marekani. Filamu ya Roger Patterson na Robert Gimlin, iliyopigwa Bluff Creek, California, tarehe 20 Oktoba 1967, bado ndiyo hoja kuu ya wanaoamini, ingawa siku hizi kila mpanda mlima ana kamera mfukoni. Hata Jane Goodall alisema redioni mwaka 2002 kwamba ana hakika viumbe hao wapo. Ni Goodall yuleyule ambaye mwaka 1960 aliwaona sokwe wa Gombe wakitumia mabua kuvua mchwa. Lile la Gombe tunalikubali kwa kuwa wengine walikwenda wakaona. La Bigfoot limebaki kuwa neno la mtu tunayempenda.

Wakati mwingine ushahidi hunenepa kuelekea upande ambao hakuna aliyeutaka. Mwaka 1996 mpigapicha Karl Ammann alikwenda eneo la Bili, kaskazini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akakuta fuvu lenye kishungi cha mfupa kama la gorila, na baadaye viota vikubwa ardhini. Wenyeji walizungumzia sokwe wanaoua simba. Magazeti yakashangilia spishi mpya. Mtafiti Cleve Hicks na wenzake wakaingia msituni kwa miaka, na vinasaba vikajibu: ni sokwe wa mashariki, nususpishi ileile ya Gombe. Wenye shaka wakashinda kuhusu jina. Ila sokwe hao kweli hulala chini mara kwa mara na wana desturi zao za zana, na bila tetesi zile nani angekwenda kuwatazama?

Nina neno kwa wenye shaka pia, maana mimi ni mmoja wao. Tuna tabia ya kupima msemaji badala ya msemo. Kapteni aliona mara moja akachapishwa Uingereza. Wawindaji wa Rungwe walikuwa na jina la mnyama wao, na ilibidi wasubiri mgeni aje kuwauliza. Shaka yenye upendeleo si shaka, ni kiburi. Anayedai ushahidi adai kwa wote, na akionyeshwa njia ya kuufikia, avae viatu.

Kurasa zinazofuata zimeandikwa kwa roho hiyo. Utakutana na wanaoamini na wasioamini, na tumemwuliza kila mmoja swali lilelile: ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo? Wasiokuwa na jibu tumewasikiliza kwa adabu, kisha tukafupisha makala yao.

Aliyetutumia picha naye tulimwandikia. Tulimwuliza mambo mawili tu: ni msitu gani, na je, kulikuwa na kinyesi? Hadi tunakwenda mitamboni, hajajibu.